Mtoto Aliyeugua Mara 19



Nimekaa miaka mingi juu ya mkeka nikisomesha watoto chuoni, na katika miaka hiyo limenipitia jambo ambalo hata leo nikilikumbuka huinamisha kichwa. Alikuwako mtoto mmoja wa kiume, mwepesi wa akili na mzuri wa sauti, lakini akija siku tatu hukosa wiki nzima. Mara masikio yatoka usaha, mara kifua chambana, mara homa haitulii. Mimi nilimkaripia kwa utoro. Huko mtaani maneno yalikuwa makali zaidi. Wako waliosema kapigwa jicho. Wako waliosema mamake hajui kulea. Na wako, Mungu atusamehe, waliosema mamake ana kisirani, kwani kabla ya huyu alikwisha kuzika mwana mwengine wa kiume. Mtoto yule hakuwahi kubaleghe. Hapana aliyempima damu, wala hapana aliyemwendea mamake ila kwa lawama.

Siandiki haya ili nikutajie jina la maradhi ya mtoto yule, maana hakupimwa. Nayaandika kwa kuwa baadaye nilisoma habari za mtoto mwengine, wa nchi ya mbali, aliyekuwa akiugua vivyo hivyo, naye akaangukia mikononi mwa tabibu mwenye subira ya kuhesabu na kuuliza. Sisi tulilaumu, na yule alitafuta. Tazama basi, ndugu yangu, ni kipi kilichozaa matunda.

ASKARI WALIOMO DAMUNI

Tangu zamani watu walijua kwamba aliyeugua ndui au surua akapona, maradhi yale hayamrudii. Tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi, aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10 ya miladi, aliandika kitabu mahsusi cha kupambanua ndui na surua. Lakini ni kitu gani kinachobaki mwilini kikaukumbuka ugonjwa uliokwisha kupita? Hilo lilikaa gizani karne nyingi.

Mwanga ulianza kuonekana katika mwaka wa 1890 mjini Berlin. Mjerumani Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walichukua maji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga ya pepopunda, wakamtia mnyama mwengine asiyekuwa na kinga hiyo. Yule wa pili naye akasalimika. Basi ikadhihirika kwamba kinga imo ndani ya maji ya damu, na kwamba yaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja hata mwengine. Kitu hicho leo twakiita kingamwili.

Kingamwili hufanya kazi gani? Mwili una chembe nyeupe za damu ambazo humeza vijidudu vinavyotuingia. Lakini baadhi ya bakteria wamevaa ganda la sukari lenye utelezi. Miongoni mwao ni yule aletaye nimonia, ambayo sisi twaiita kichomi, naye huyo huyo aweza kuleta usaha wa masikio na homa ya uti wa mgongo. Je, umepata kumshika mkunga kwa mkono mtupu? Hukuponyoka mara moja. Ukitaka kumshika hujipaka mchanga viganjani kwanza. Kingamwili ni kama mchanga ule. Humgandama bakteria, na chembe nyeupe ikapata pa kumshikia. Pasipo kingamwili, askari wamo, na adui wamwona, lakini kila wakimkamata huteleza.

Kisha katika mwaka wa 1937, Arne Tiselius wa Uppsala, nchini Sweden, alitangaza chombo chake cha kuzitenga protini za maji ya damu kwa nguvu za umeme. Kila protini hukimbia kwa mwendo wake, na kwa mwendo huo zikagawanyika mafungu mafungu. Mafungu hayo yalipewa majina ya herufi za Kigiriki, na moja katika hayo ni gama. Mwaka wa 1939, Tiselius pamoja na Mmarekani Elvin Kabat walionyesha kuwa kingamwili zimo hasa ndani ya fungu hilo la gama. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Edwin Cohn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walijua kulitoa fungu hilo katika damu ya watu waliojitolea, wakaliweka likawa dawa, na likatumiwa kuwakinga watoto na surua. Likaitwa gamaglobulini.

Yaweke moyoni mambo haya mawili, msomaji: chombo cha kupimia kilikuwapo, na dawa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali.

TABIBU ALIYEHESABU

Mtu huyo alikuwa Ogden Bruton, kanali wa jeshi la Marekani na mkuu wa matabibu wa watoto katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, mjini Washington. Aliletewa mtoto wa kiume aliyekuwa akiugua na kupona, akiugua na kupona. Katika muda wa zaidi kidogo ya miaka 4, mtoto huyo aliingiliwa na maradhi mazito ya bakteria waliosambaa mwilini mara 19. Katika mara 10 kati ya hizo, alipopimwa damu alionekana bakteria yule yule wa kichomi, ila kwa sura mbalimbali, kwani bakteria huyo ana aina nyingi.

Bruton hakusema kwamba mtoto ni dhaifu tu. Aliuliza: mbona mwili huu haujifunzi? Mtu akiugua kwa aina moja ya bakteria, hupata kingamwili ya aina hiyo. Akajaribu kumchanja ili mwili uzoee adui, lakini damu ya mtoto haikutoa kingamwili yoyote. Ndipo alipoipeleka damu ile ikapimwe kwa chombo cha umeme, mfano wa kile alichokibuni Tiselius. Mafungu mengine yote yalionekana. Fungu la gama halikuwapo.

Hebu fikiri, msomaji. Miaka yote ile mamake alikuwa akimlisha, akimfunika, akikesha naye. Wala hakukosa kitu katika malezi. Kilichokosekana kilikuwa ndani ya damu, mahali ambapo jicho la jirani halifiki.

Bruton akafanya lile ambalo akili iliyotulia huliona. Alichukua gamaglobulini iliyotoka katika damu ya watu wazima, akampiga mtoto sindano chini ya ngozi, kila mwezi. Yale maradhi mazito yaliyokuwa yakimrudia yakakoma, na zaidi ya mwaka mzima ulipita yasimrudie. Aliandika habari hiyo katika jarida la matabibu wa watoto la Marekani mwaka wa 1952. Ulikuwa ni mlango mpya wa tiba: kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba mtoto aweza kuwa na upungufu wa kingamwili, na kwamba upungufu huo waweza kujazwa.

Na mbona watoto kama hawa hawakujulikana kabla ya hapo? Jawabu lake lahuzunisha. Walikuwapo, ila walikufa mapema. Kabla ya penisilini kuenea katika miaka ya 1940, mtoto wa namna hii alikuwa akichukuliwa na kichomi cha kwanza au cha pili, na watu wakazika wakasema ni kichomi tu. Ilipopatikana dawa ya kuua bakteria, mtoto aliweza kupona mara kumi, mara kumi na tano, na ndipo jicho la tabibu lilipopata kitu cha kuhesabu.

Baada ya Bruton, Charles Janeway na wenzake mjini Boston walikusanya watoto wengine wenye hali hiyo hiyo. Wakaona jambo la ajabu: walikuwa wavulana. Tutalirudia hilo, kwani ndilo lenye kumwondolea mama lawama.

SIRI ILIYOKUWA KWA KUKU

Elimu hutoka hata mahali pasipotazamiwa. Kuku ana kifuko kidogo karibu na tundu lake la nyuma. Mtaalamu wa Padua, Fabricius, alikieleza zamani, na maandishi yake yalichapishwa mwaka wa 1621, lakini hapana aliyejua faida yake. Katika miaka ya 1950, kijana mwanafunzi aitwaye Bruce Glick, wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio, alikuwa akiwaondoa vifaranga kifuko hicho ili aone litakalotokea. Mwenzake, Timothy Chang, akawahitaji kuku kwa ajili ya somo la kingamwili. Akawachukua wale wale waliokatwa, akawachoma sindano ya bakteria, lakini kingamwili hazikutokea. Somo liliharibika, na elimu ikapatikana. Habari hiyo walipoiandika mwaka wa 1956 ilitoka katika jarida la wafugaji wa kuku, na kwa muda matabibu wa watu hawakuitilia maanani.

Mwaka wa 1965, Max Cooper, Raymond Peterson na Robert Good walitumia kuku kuthibitisha kwamba mwili una majeshi mawili mbalimbali. Moja hutoka katika tezi iliyo kifuani, nalo ndilo linalopambana zaidi na virusi na mfano wake. La pili, katika kuku, hutoka katika kifuko kile, nalo ndilo linalotengeneza kingamwili. Mwanadamu hana kifuko hicho. Kazi yake hufanywa ndani ya uboho wa mifupa yake.

Hapo ikafahamika hali ya mtoto wa Bruton. Jeshi la kwanza analo, na kwa hiyo surua ikimpata mara nyingi huimaliza kama watoto wenziwe. Jeshi la pili hana, na kwa hiyo bakteria wenye ganda la utelezi hawamwachi: kifuani, masikioni, puani, katika maungio ya mifupa, hata ubongoni. Tena tabibu mwenye ujuzi akimfungua kinywa, huona tezi za kooni ni ndogo mno au hazipo kabisa, kwani tezi hizo hujazwa na chembe za jeshi hilo hilo.

MAMA HANA HATIA

Sasa nisikilize vizuri, wewe baba wa nyumba, na wewe mavyaa mwenye mkaza mwana.

Mtoto mwenye maradhi haya huzaliwa mzima wa afya. Hunyonya, hucheka, hunenepa. Mwezi wa kwanza, wa tatu, wa tano, hapana neno. Kisha, ipitapo miezi sita hivi, huanza kuugua, na watu wakasema: alizaliwa mzima, basi kuna aliyemharibu. Ukweli ni huu. Mtoto angali tumboni, mamake humpa kingamwili zake mwenyewe kwa njia ya kondo, na nyingi humwingia katika miezi ya mwisho ya mimba. Hizo ndizo zimlindazo akishazaliwa. Hupungua kidogo kidogo, na wakati huo mwili wa mtoto mwengine huwa umekwisha kuanza kutengeneza zake. Huyu wetu hawezi. Za mama zikisha, hubaki bila ngome.

Je, umeona? Yule mama tuliyemlaumu ndiye aliyekuwa ngome ya mwanawe nusu mwaka mzima, kwa damu yake mwenyewe. Wazee walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nasi twauongeza uchungu huo kwa ndimi zetu.

Utauliza: mbona wavulana? Mwanamke ana kromosomu mbili za namna iitwayo X, na mwanamume ana X moja, na ya pili yake ni Y. Jeni inayohusika na maradhi haya imo katika X. Iligunduliwa mwaka wa 1993 na makundi mawili ya wataalamu, na kile kinachotengenezwa na jeni hiyo kikapewa jina la Bruton, naye mwenyewe yu hai. Alifariki mwaka wa 2003. Mwanamke mwenye jeni moja mbovu ni kama nyumba yenye taa mbili. Moja ikizimika, ya pili yamulika, wala hajui kuwa ana upungufu. Mvulana ana taa moja. Hiyo ikizimika, nyumba imeingia giza.

Mama wa namna hiyo, kila achukuapo mimba ya mvulana, ni nusu kwa nusu: huenda mtoto akapata jeni nzima, na huenda akapata mbovu. Na kila binti huenda akarithi jeni hiyo, akaichukua kimya kimya kama mamake. Ndiyo maana waweza kusikia katika ukoo mmoja kwamba wajomba walikufa wadogo. Na mara nyingine kosa la jeni huzuka upya, ukoo mzima haujapata kuliona. Mama hakulichagua, hakulinunua, wala hakulileta kwa tabia. Hakika mwanamume amwachaye mkewe kwa sababu kama hii amemdhulumu.

Na neno moja juu ya ndoa za jamaa, kwani najua linaulizwa. Maradhi haya ya Bruton hayaletwi na kuoa mtoto wa ami wala wa shangazi. Lakini ziko namna nyengine za upungufu wa kingamwili ambazo huhitaji jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Mojawapo ilielezwa mwaka wa 1996, nayo huwapata wavulana na wasichana. Namna hizo huonekana zaidi pale wazazi wawili wanapotoka katika ukoo mmoja. Sisemi kuharamisha iliyohalalishwa. Nasema ukoo uliokwisha kuona watoto wakifa kwa maradhi yanayofanana, uketi na daktari kabla ya kupeleka posa nyengine. Kutahadhari hakupingani na kumtegemea Mungu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusikimbilie hofu. Watoto huugua mafua mara nyingi kwa mwaka, nao hukua wakawa watu wazima wenye nguvu. Tena sababu za kuugua mara kwa mara ni nyingi, na nyingi katika hizo ni za kawaida zaidi kuliko haya: utapiamlo, selimundu, virusi vya Ukimwi. Maradhi ya Bruton ni ya nadra. Lakini nadra si kwamba hayapo, na nyumba iliyo nayo haina faraja kwa kuambiwa ni nadra.

Pili, tuhesabu kama alivyohesabu Bruton. Chukua daftari uandike: tarehe, maradhi, dawa aliyopewa, siku alizolazwa. Kichomi mara mbili katika mwaka mmoja, maradhi ya masikio mara nne au zaidi katika mwaka, bakteria kuingia damuni au katika uti wa mgongo zaidi ya mara moja, mtoto asiyeongezeka uzito, au mjomba na kaka waliokufa wadogo kwa maradhi kama hayo: ukiona mambo haya mpeleke mtoto na daftari lake kwa daktari, umwombe apime kiasi cha kingamwili katika damu. Usimfiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatu, chanjo. Kwa watoto wote chanjo ni ngao, na wapewe kwa wakati wake. Lakini mtoto ambaye imethibitika kwamba hana kingamwili asipewe chanjo yenye kijidudu hai, kama ile ya matone ya polio, kwani mwili wake huenda ukashindwa kuyazuia hata hayo yaliyodhoofishwa. Hapo daktari ndiye msemaji. Kwa ajili ya mtoto kama huyu ndipo yatupasa sisi wengine tuwachanje wetu, ili maradhi yakose njia ya kumfikia.

Nne, damu. Dawa ya watoto hawa haitengenezwi kwa mitishamba wala kwa madini. Hutoka katika maji ya damu ya maelfu ya watu yaliyochanganywa na kusafishwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 yapatikana ya kutiwa kwa njia ya mshipa, na mtoto hupewa kila baada ya wiki tatu au nne, au kidogo kidogo chini ya ngozi kila wiki, maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha ya dawa za lazima, lakini bei yake ni nzito kwa nyumba ya kimaskini. Basi tunapohimizana sadaka, tusisahau sadaka hii: mwenye mali atoe mali kumtibu mtoto wa jirani, na mwenye afya atoe damu.

Na tano, ndugu yangu, tufunge vinywa vyetu mpaka tujue. Bruton hakuwa na miujiza. Chombo kilikuwa cha mwengine, na dawa ilikuwa ya mwengine. Chake yeye kilikuwa kuhesabu mpaka 19, na kukataa kuridhika na neno la "ndivyo alivyo".

Nami ningekuwa nimejifunza hayo mapema, ningemwita yule mama barazani, nikamsikiliza, na yule mwanafunzi wangu nisingemwita mtoro. Sasa kaburi lake limeota majani. Lakini huenda katika mtaa wako, msomaji, yuko mwengine anayekohoa usiku huu, na mamake amekaa naye peke yake. Nenda ukamgongee mlango, uende naye hospitali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.